Kumtupa paka jalalani ni dhulma, kumfunga kizazi ni rehema

Na Mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, Marui, Kisarawe

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, vinavyosema na visivyosema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu wote, pamoja na Aali zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, mada ya leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Tumezoea kusoma katika safu hizi habari za swala, zakat, ndoa, mirathi na hali ya Waislamu duniani. Leo tuzungumze juu ya paka na mbwa. Nawaomba msicheke wala msifunue ukurasa mwingine haraka. Katika hadithi sahihi walizopokea Maimamu Bukhari na Muslim, yupo mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, na yupo mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu ya mbwa. Jambo linaloweza kumpeleka mja motoni au kumpatia maghfira si jambo dogo.

Hali ilivyo katika mitaa yetu

Paka jike hubeba mimba kwa muda wa miezi miwili hivi. Anaweza kushika mimba ya kwanza hata kabla hajatimiza nusu mwaka, na anaweza kuzaa mara mbili au tatu ndani ya mwaka mmoja, kila uzao watoto watatu, wanne au zaidi. Fanya hesabu mwenyewe. Nyumba iliyoleta paka mmoja kwa ajili ya panya, baada ya mwaka inajikuta na paka wanane au kumi. Panya walishakwisha zamani. Sasa samaki anaibwa jikoni, usiku hakulaliki kwa kelele, na mama mwenye nyumba amechoka. Ndipo kijana anaitwa, anapewa kiroba, anaambiwa, "Nenda kawatupe huko mbali."

Ndani ya kiroba kile wamo watoto wa paka ambao hata macho hawajafumbua. Wapo wanaotupwa jalalani, wapo wanaotupwa sokoni kwa matumaini kwamba wauza samaki watawatupia matumbo, na wapo wanaoachwa jirani na msikiti kwa hoja kwamba waumini wana huruma. Mama yao anabaki nyumbani, matiti yamejaa maziwa, anazunguka uani akiwaita. Baada ya muda mfupi anashika mimba nyingine, na kiroba kingine kinatafutwa.

Kwa upande wa mbwa, hali inatofautiana kidogo lakini mwisho wake ni ule ule. Huku kwetu Kisarawe, kuanzia Marui mpaka Maneromango, mkulima wa mihogo na mahindi ana adui wawili. Usiku ni nguruwe pori, mchana ni nyani na ngedere. Anafuga mbwa wa kulinda shamba, na sheria imemruhusu. Hadithi zinazotaja kupunguzwa thawabu za mtu anayefuga mbwa bila haja zimemtoa mwenye mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mazao. Lakini mbwa jike wa shamba akizaa watoto sita na mkulima ana haja ya wawili, wale wanne wanakwenda wapi? Baadhi wanapewa ndugu wa Kibaha au Gongo la Mboto anayejenga na anataka mlinzi. Nyumba ikishapata geti na ukuta, au mwenyewe akihama, mbwa anaachwa. Hapo anakuwa mbwa koko, anakula majalalani, anazaliana na wenzake, na watoto wanaokwenda madrasa alfajiri wanaanza kuchukua fimbo.

Akishaumwa mtu ndipo malalamiko yanafika serikali ya mtaa, na dawa tunayoijua sote inatolewa: nyama yenye sumu au risasi. Mizoga inazolewa, mtaa unatulia kidogo, kisha mbwa wengine wanakuja.

Mnyama ana haki katika Uislamu

Allah (S.W.) anatufahamisha katika Suratul An'aam, aya ya 38, kwamba wanyama watembeao ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma kama tulivyo sisi, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Maana yake ni kwamba mnyama hakuumbwa kwa mchezo. Ana Mola anayemjua, na atakusanywa Siku ile ile tutakayokusanywa sisi.

Yule mwanamke wa paka hakuadhibiwa kwa kumpiga wala kumchinja. Alimfungia, hakumpa chakula, na wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Huyu wa kwetu anayemfunga mtoto wa paka ndani ya kiroba na kumtupa mahali asipoweza kutambaa wala kunyonya, ana tofauti gani naye? Na yule aliyesamehewa alimkuta mbwa anaramba udongo mbichi kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza khofu yake maji, akaishika kwa meno mpaka juu, akamnywesha. Masahaba walipouliza kama katika wanyama pia kuna ujira, Mtume (s.a.w.) akawajibu kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, kuna ujira.

Ipo pia hadithi aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.). Masahaba wakiwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege. Mama yao akaja akawa anapigapiga mbawa juu yao. Mtume (s.a.w.) alipomwona akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa kumchukulia watoto wake, akaamuru warudishwe. Huyo ni ndege wa porini, asiye na mwenyewe. Vipi paka aliyelala chini ya kitanda chako, ambaye Mtume (s.a.w.) amesema kuwa si najisi, bali ni katika wanaotuzungukia majumbani mwetu?

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi hawakuliacha jambo hili hewani. Sheikh Izzuddin ibn Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, amehesabu haki za mnyama juu ya mwenyewe. Miongoni mwake ni kumlisha hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutofaa tena kwa kazi, kutomtwisha asichokiweza, kutomweka pamoja na atakayemdhuru, na kutomchinja mtoto wake mbele ya macho yake.

Huenda mtu akasema, "Mbwa ni najisi." Ni kweli, katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini hukumu ya najisi inahusu nguo yako, chombo chako na mwili wako. Haikupi ruhusa ya kumtesa. Mbwa aliyenyweshwa maji katika hadithi alikuwa mbwa huyu huyu.

Kuua hakujamaliza tatizo

Mjini Madina palitolewa wakati fulani amri ya kuua mbwa, kisha Mtume (s.a.w.) akaikataza isipokuwa kwa yule mwenye madhara. Imepokewa pia kwamba alisema lau mbwa wasingekuwa umma miongoni mwa umma nyingine, angeamuru wauawe wote. Kwa hiyo kuwafyeka si sera ya Uislamu.

Historia nayo imeshuhudia. Mwaka 1910 watawala wa Istanbul walikusanya makumi ya maelfu ya mbwa wa mitaani, wakawapeleka kwenye kisiwa kikavu kisicho na maji, wakafa kwa njaa na kiu huku watu wa pwani wakisikia vilio vyao. Pamoja na ukatili ule, mbwa hawakwisha Istanbul. Mwaka 2004 Uturuki ikapitisha sheria ya kuwakamata mbwa wa mitaani, kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha walipokamatwa. Halmashauri nyingi hazikuitekeleza ipasavyo, mbwa wakaendelea kuongezeka, na mwaka 2024 bunge likaibadilisha ili wakusanywe na kuwekwa kwenye makazi maalumu. Somo ni kwamba sheria nzuri iliyolala kabatini haihasi hata mbwa mmoja.

Hapa kwetu tatizo kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 1,500 hufariki kwa ugonjwa huu kila mwaka Tanzania, na duniani wapatao 59,000, wengi wao watoto na watu wa vijijini. Dalili zikishaanza, mgonjwa haponi. Anayeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha akimbilie hospitali kupata chanjo, wala asisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Lakini ugonjwa huu hauzuiwi kwa risasi. Shirika la Afya Duniani linasema ni lazima asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili mnyororo wa maambukizi ukatike. Ndugu zetu wa Pemba, kisiwa cha Waislamu, wameonesha mfano. Baada ya kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010, ugonjwa ulitoweka kisiwani mwaka 2014. Uliporudi mwaka 2016 walichanja tena, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 ukawa umetoweka kwa mara nyingine. Ni sindano iliyofanya kazi hiyo.

Sasa angalieni uhusiano. Ukichanja mbwa mia mwaka huu, na majike wao wakazaa bila kipimo, mwakani mtaa una watoto wengi wasio na chanjo, na ile asilimia 70 imeporomoka. Ukiua waliochanjwa, umeua ngao yako mwenyewe. Lakini mbwa aliyechanjwa na kufungwa kizazi anabaki hai, haambukizi, wala haongezi wengine wa kuteseka. Ndiyo sababu kufunga kizazi na kuchanja vinapaswa kwenda pamoja.

Je, inafaa kumhasi paka au mbwa?

Hili ndilo swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza, na nadhani hata wewe msomaji limekujia. Naona ni haki lijibiwe kwa uadilifu, bila kuficha kauli za wanavyuoni.

Wanaokataza wana dalili. Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, Iblisi ameapa kwamba atawaamrisha watu wabadili maumbile ya Allah, na baadhi ya Masahaba walifasiri kuwa kuhasi wanyama ni katika hayo, ingawa wafasiri wengine wamesema makusudio ni kubadili dini ya Allah. Imepokewa pia kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) katazo la kuhasi farasi na mifugo, japokuwa isnadi yake ina maneno. Na Imamu Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu, ameandika katika Al-Majmu' kwamba mnyama asiyeliwa ni haramu kumhasi, na anayeliwa inajuzu akiwa mdogo tu. Kwa kauli hiyo, paka na mbwa wako upande wa katazo.

Wanaoruhusu nao wana dalili. Mtume (s.a.w.) alichinja katika Idi ya kuchinja kondoo dume wawili waliohasiwa. Lau kuhasi kungekuwa munkari kwa kila hali, asingewachagua hao kwa ibada. Mahanafi wameruhusu kuhasi wanyama palipo na manufaa au kuondoa madhara, na katika kitabu chao Ad-Durrul Mukhtar amemtaja paka kwa jina. Imamu Qurtubi naye ameruhusu kwa wanyama palipo na maslahi kama hayo. Na Sheikh Ibn Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, alipoulizwa kuhusu paka waliozidi na kuudhi, alijibu kwamba ikiwa operesheni haiwadhuru basi hakuna ubaya, na kwamba hilo ni bora kuliko kuwaua baada ya kuumbwa.

Ndugu msomaji, zingatia sababu iliyo nyuma ya katazo la wanavyuoni wetu. Walichokiona ni mnyama anayekatwa akiwa macho, kwa kisu, anagaragara kwa maumivu, na pengine anakufa kwa kidonda, bila manufaa yoyote yanayojulikana. Ndiyo maana walimruhusu mbuzi mdogo, kwa kuwa nyama yake hunufaika na maumivu yake ni machache. Leo daktari wa mifugo humlaza mnyama kwa dawa ya usingizi, hufanya kazi yake kwa vifaa safi, humpa dawa ya maumivu, na baada ya siku chache paka yuko juu ya ukuta kama kawaida. Na manufaa yapo dhahiri: viroba vya jalalani, nyama za sumu na kichaa cha mbwa vinapungua. Palipo na madhara mawili yasiyoepukika, kanuni ya fiqhi inasema lichukuliwe lililo jepesi. Kati ya kumlaza mama mmoja kwa saa moja, na kuwatupa watoto wake kumi kila mwaka wafe kwa njaa, lipi jepesi?

Mimi ni mwalimu, si mufti. Lakini naona kauli ya kuruhusu kwa masharti ndiyo iliyo karibu zaidi na rehema ya dini hii, na nawaomba masheikh wetu na mabaraza ya ulamaa walitolee kauli ya wazi, kwa sababu Waislamu wengi wanaliepuka jambo hili kwa kuogopa haramu, huku wakiangukia kwenye haramu iliyo kubwa zaidi.

Masharti yake

Kwanza, pawe na haja ya kweli. Mtu asimhasi mnyama kwa mchezo au kwa kumkomoa. Pili, afanye daktari wa mifugo kwa dawa ya usingizi. Anayemshika mbwa wake, akamfunga miguu na kumkata kwa wembe, amerudi kwenye mateso yale yale waliyoyakataza wanavyuoni, na pia anavunja sheria ya nchi, kwani Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatambua kuwa mnyama anahisi maumivu na imefanya ukatili dhidi yake kuwa kosa. Tatu, mwenye mnyama amtunze mpaka apone, na aendelee kumlisha. Nne, kizazi cha wanyama hao kisifutwe kabisa. Lengo ni kupunguza wanaozaliwa ili wateseke. Allah hakuumba umma huu ili sisi tuumalize.

"Mayatima hawajala, wewe unasema paka?"

Najua hoja hii itatolewa barazani baada ya swala, na ni hoja nzito. Haki ya binadamu ni kubwa zaidi, na mtu asimpelekee paka nyama hali jirani yake amelala na njaa. Lakini ndugu zangu, tuulizane kwa ukweli: yule anayetupa kiroba jalalani, akirudi nyumbani huenda kumlisha yatima? Huruma haina mizani ya kwamba ukimpa huyu, yule amekosa. Mtoto aliyetumwa kwenda kutupa viumbe hai, akaona baba yake hajali, amefundishwa somo ambalo mwalimu wa madrasa atapata tabu kulifuta. Na anayeumwa na mbwa mwenye kichaa mara nyingi ni mtoto wa maskini, anayekwenda shule kwa miguu na ambaye nauli ya kumfikisha hospitali ya Tumbi inatafutwa kwa kukopa. Kuwadhibiti mbwa kwa njia ya halali ni kumlinda mtoto huyo huyo tunayedai kumtetea.

Tufanye nini?

Kwanza, kila mwenye paka au mbwa ajue kwamba mnyama huyo ni amana. Kama huna uwezo wa kulisha watoto wake, usiache wazaliwe. Kama wameshazaliwa, waache wanyonye mpaka wajitegemee, ndipo utafute watu wa kuwachukua. Mkulima anayetaka mbwa wa shamba aombe kwa jirani ambaye mbwa wake wamezaa, badala ya kila shamba kuwa na jike anayezaa.

Pili, kamati za misikiti zinaweza kusimamia jambo hili. Imamu akishirikiana na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wanaweza kuandika barua kwa halmashauri, iwe ya Kibaha au ya Kisarawe, kumwomba daktari wa mifugo aje siku moja kuchanja na kufunga kizazi, na wakazi wakachangia gharama. Gharama ya mnyama mmoja ni mzigo kwa mwenye kipato kidogo, lakini ikigawanywa na mtaa ni nyepesi. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nayo ni nafasi nzuri ya kuanzia.

Tatu, tujifunze kwa wenzetu wa pwani. Zanzibar ipo jumuiya ya ZAASO inayotibu na kufunga kizazi paka na mbwa. Lamu, mji ambao punda ndiye gari lake, zahanati ya punda ilianzishwa miaka ya 1980 na shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza. La kusikitisha ni kwamba zahanati hiyo, katika mji wenye misikiti kila kona, ilibidi waje kuifungua watu wa mbali, ilhali hadithi ya mbwa mwenye kiu tunayo sisi karne kumi na nne.

Nne, walimu na wazazi tuwafundishe watoto wetu hadithi hizi pamoja na herufi za Qur'an. Mtoto aliyefundishwa kwamba kumnywesha mbwa maji kulimpatia mtu maghfira, hatakubali kubeba kiroba.

Ndugu zangu katika imani, kesho Akhera wanyama watakusanywa. Imepokewa kwamba hata mbuzi asiye na pembe atalipiziwa kisasi chake kwa mwenye pembe. Tujiulize itakuwaje kwa binadamu mwenye akili, aliyesomewa dini, aliyekuwa na njia nyepesi ya kuzuia mateso, akachagua kiroba.

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie nyoyo zenye huruma kwa viumbe vyake, aturehemu kwa kuwahurumia wao, na atuepushe na dhulma, iliyo wazi na iliyofichika. Amin.

Wabillahi tawfiq.